Stetimenti Yako Iko Wapi Mtandao Ukipotea? Jifunze Kusawazisha Barua Pepe

Mteja wetu, tuanze na jambo linaloweza kumpata yeyote kati yetu.

Tuseme una duka la vitambaa sokoni Mandera mjini. Umeomba benki ufadhili wa murabaha ili uongeze mali kabla ya Idd, na afisa anataka kuona stetimenti ya malipo yako ya simu ya miezi sita. Jana jioni uliiomba, barua pepe ikaingia, ukaiona kwa macho yako, ukalala umetulia. Leo saa nne asubuhi uko mbele ya afisa na mtandao hakuna. Unafungua barua na maneno yapo, lakini ukibonyeza ile PDF, kiduara kinazunguka tu. Afisa anatazama saa, na nyuma yako kuna foleni.

Kumbe jana ulipokea barua, lakini stetimenti yenyewe haikuwahi kuingia kwenye simu yako.

Kwa mtu wa Nairobi hilo ni usumbufu wa dakika chache. Kwetu Mandera, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Nairobi, ni jambo zito. Minara ya simu katika kaunti hii imewahi kushambuliwa na kuharibiwa, na mnara ukianguka, mtaa mzima unaweza kukaa siku nyingi bila mawasiliano. Kwa hivyo jifunze kuweka karatasi zako mahali utakapozipata, mtandao uwepo au usiwepo.

Una makasha mawili, si moja

Watu wengi hudhani barua pepe zao zinakaa ndani ya simu. La. Kasha lenyewe liko kwenye seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni inayokupa barua pepe. Kilicho kwenye simu yako ni nakala, na mara nyingi si nakala kamili.

Kusawazisha ni kazi ya kuyafanya makasha hayo mawili yafanane. Simu ikipata mtandao, huiuliza seva: "Tangu tulipoachana, nini kimeingia? Kipi kimesomwa? Kipi kimefutwa?" Seva hujibu, na simu hurekebisha nakala yake. Kisha simu nayo huiambia seva yale uliyofanya ulipokuwa nje ya mtandao. Kila barua ina nambari yake kwenye seva, ndiyo maana simu haihitaji kupakua kasha lote upya kila mara. Bando lako linapona hapo.

Programu nyingi hufanya kazi hii kwa kanuni iitwayo IMAP, iliyobuniwa mwaka 1986 na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Iko pia kanuni nyingine ya zamani, POP. Hiyo huchukua barua kutoka kwenye seva na kuzileta kwenye kifaa kimoja, na ikipangwa hivyo, huzifuta kule ilikozitoa. Ukikuta kompyuta ya dukani imewekwa POP na barua hazionekani tena kwenye simu, huenda sababu ndiyo hiyo. Mwambie fundi akuwekee IMAP.

Tengeneza simu yako leo

Hatua hizi ni za Gmail kwenye simu za Android. Fanya sasa, wakati mtandao upo.

1. Fungua Gmail, gusa mistari mitatu juu, nenda Mipangilio, kisha uchague akaunti yako.
2. Hakikisha kusawazisha Gmail kumewashwa. Kama kumezimwa, barua haziingii mpaka uzitafute mwenyewe.
3. Tazama idadi ya siku za kusawazisha. Kwa kawaida ni 30. Ukitaka barua za miezi mitatu zibaki kwenye simu, ongeza. Barua za zamani zaidi hazijapotea, ziko kwenye seva, ila utazihitaji mtandao ili uzione.
4. Angalia sehemu ya viambatisho. Hapa ndipo wengi wetu hunaswa: Gmail hupakua viambatisho vyenyewe kwa waifai tu. Kama unatumia bando peke yake, PDF haiji mpaka uiguse.
5. Kwa hivyo, kila stetimenti ikiingia, gusa alama ya kupakua papo hapo. Faili itakaa kwenye simu, katika sehemu ya vipakuliwa.
6. Jaribu. Weka simu katika hali ya ndege, kisha ufungue ile PDF. Ikifunguka, uko salama. Ikikataa, rudia hatua ya 5.

Kama stetimenti imefungwa kwa nambari ya siri, hakikisha pia nambari hiyo unayo. Faili iliyofungwa bila ufunguo haitakusaidia mbele ya afisa.

Jambo lingine: simu ikiwa katika hali ya kuokoa betri au data, inaweza kuacha kusawazisha kimya kimya. Na ukiwa karibu na mpaka, simu ikashika mtandao wa upande wa Bula Hawa, data inaweza kukatika au kukugharimu zaidi. Angalia jina la mtandao juu ya kioo kabla hujalaumu barua pepe.

Kabla hujafuta

Simu imejaa picha na video, unataka nafasi. Tahadhari. Ukifuta barua kwenye simu, unaifuta pia kwenye seva na kwenye kila kifaa chako. Katika Gmail hukaa kwenye Tupio siku 30, kisha huondoka kabisa. Kumbuka tofauti hizi:

- Kufuta barua: inafutika kote.
- Kufuta PDF uliyopakua: barua na kiambatisho chake vinabaki kwenye seva.
- Kuondoa akaunti kwenye simu: kasha lako kwenye seva halijaguswa.

Basi ukihitaji nafasi, anza na video.

Barua iliyokwama si barua iliyotumwa

Ukimtumia afisa stetimenti wakati mtandao umepotea, barua hukaa kwenye kikasha toezi ikisubiri. Usiseme "nimeshatuma" mpaka uione kwenye sehemu ya zilizotumwa.

Na pesa zako ni hivyo hivyo

Somo hili linakuhusu hata kama hutumii barua pepe kila siku. SMS ya malipo ni habari tu iliyofika kwenye simu. Salio lenyewe liko kwenye seva zetu. Ndiyo maana ukiibiwa simu, pesa haziibiwi pamoja nayo, maadamu PIN ni siri yako. Na ndiyo maana mteja akikuonyesha SMS kwenye simu yake na kusema "nimelipa, mama", usimpe mzigo bado. SMS mtu anaweza kuiandika mwenyewe. Angalia salio lako kwanza. Kama mtandao hakuna, subiri urudi au mkubaliane pesa taslimu.

Simu ikipotea, rudisha laini yako kwanza, kisha uingie kwenye barua pepe kwa simu mpya, kwa sababu nambari ya kuthibitisha huenda ikatumwa kwenye laini hiyo. Barua zako zitarudi zenyewe. Ukiingia kwa kompyuta ya saiba, ondoka kwenye akaunti kabla hujainuka kitini. Na barua yoyote inayokuomba PIN, hata ikiwa na nembo yetu, ni ya mwizi. Sisi hatuulizi PIN.

Jipime

1. Uliona barua ya stetimenti jana lakini hukugusa PDF. Leo mtandao hakuna. Je, utaifungua?
2. Umefuta barua kwenye simu. Je, utaipata kwenye kompyuta ya saiba baada ya miezi miwili?
3. Mteja amekuonyesha SMS ya malipo. Utafanya nini kwanza?

Majibu: 1. Hapana, labda waifai iliipakua. 2. Hapana. 3. Angalia salio lako.

Ukimaliza, msaidie jirani yako wa dukani kufanya hatua ya 6. Dakika tano za leo zitamwokolea safari ya kesho, hasa kama anatoka Rhamu au Elwak kuja kumwona afisa.