Jenereta la Nyumbani: Piga Hesabu ya Mafuta Kwanza

Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu Mei 2024, barabara ya Dar es Salaam–Lindi ilikatika sehemu kadhaa, ikiwamo Somanga, na magari yakakwama siku kadhaa. Mkazi wa Kitomanga, mkoani Lindi, anayetaka jenereta la akiba aanzie hapo: mafuta huja kwa barabara ileile ambayo mvua huikata siku umeme nao umekatika.

Ni kweli bomba la gesi kutoka Madimba hadi Dar es Salaam lililozinduliwa 2015 linapita mkoani Lindi, na kwingineko, kama Marekani, majenereta mengi ya nyumbani huunganishwa moja kwa moja na gesi ya bomba. Lakini kwetu, chaguo la kawaida ni petroli au dizeli.

Jenereta la petroli la kilowati 2 hadi 3 likibeba nusu ya uwezo wake hunywa karibu lita moja kwa saa. Taa, televisheni na friji moja havihitaji liwake usiku kucha. Friji lisilofunguliwafunguliwa hutunza ubaridi kwa saa kadhaa, hivyo washa jenereta kwa muda wa saa tatu asubuhi na saa tatu nyingine jioni. Kwa siku tatu hizo ni saa 18, yaani takriban lita 18. Mwenye friza la samaki atahitaji zaidi. Dizeli hutoa takriban uniti mbili na nusu hadi tatu kwa lita, ila mashine yake ni ghali na nzito.

Usirundike mafuta. Petroli ikikaa miezi mingi huchacha na kuziba kabureta. Dizeli huingiwa maji, hasa kwenye unyevu wa pwani. Tumia mafuta ya zamani kwanza, kisha nunua mengine kabla ya masika. Yaweke kwenye dumu la chuma lenye mfuniko unaobana, usilijaze hadi mdomoni, na liwe kwenye kibanda chenye kivuli nje, mbali na jiko la mkaa.

Jenereta lenyewe lisiwake ndani wala barazani, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Lijengee paa dogo uani, mbali na madirisha. Kabla ya kuongeza mafuta, lizime na ulisubiri lipoe.

Kama ni la petroli, ukimaliza kulitumia funga koki ya mafuta na uliache lizimike lenyewe ili kabureta ibaki tupu. Kila mwezi liwashe dakika kumi na tano likiwa na mzigo.