Mpingo wa Kilwa: Kupanga Biashara kwa Njia ya Senario

Mpingo, ambao jina lake la kitaalamu ni Dalbergia melanoxylon, ni mti ukuao polepole mno. Hukadiriwa kwamba huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kiini chake cheusi ndicho kitumikacho kutengenezea ala za muziki kama klarineti na oboi, na ndicho Wamakonde wachongeacho vinyago. Kijiji cha Kilwa kinachopanga biashara ya mpingo hukabiliwa na swali gumu: mche uotao leo utavunwa na wajukuu, na hakuna ajuaye soko la siku hizo litakuwaje. Je, kijiji kipange vipi? Makala haya yanaeleza njia moja, nayo ni upangaji kwa senario.

Maana ya senario

Senario ni maelezo yenye mantiki kuhusu hali moja inayoweza kutokea siku za usoni. Senario si utabiri. Mtabiri husema, "Bei itapanda." Mpangaji wa senario huuliza, "Bei ikipanda tutafanya nini? Na ikianguka, je?" Njia hii ilipata sifa katika kampuni ya mafuta ya Shell mwanzoni mwa miaka ya 1970. Pierre Wack na wenzake waliwataka wakuu wa kampuni wafikirie mapema hali ya mafuta kuadimika na bei kupaa ghafula. Mwaka 1973 hali hiyo ilitokea kweli.

Kutenga yajulikanayo na yasiyojulikana

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha yale tuyajuayo. Kwa upande wa Kilwa, twaijua kasi ya ukuaji wa mti. Twajua pia kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kunufaika na mapato yake. Kwa msaada wa shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative, vijiji vya Kikole na Kisangi vilitangulia kupata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009. Cheti hicho humthibitishia mnunuzi kwamba mbao zimetoka katika msitu unaotunzwa.

Hatua ya pili ni kutafuta mambo makubwa yasiyo na hakika. Historia ya karibuni yatuonyesha mawili. La kwanza ni ulinzi wa msitu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 katika Mto Rufiji, safari ya kwenda Dar es Salaam ilirahisika kwa watu wote, wakiwamo wavunaji haramu wa magogo. La pili ni soko. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya Dalbergia iliwekwa chini ya masharti ya mkataba wa CITES, na biashara ya ala za muziki ikahitaji vibali. Mwaka 2019 ala zilizokamilika ziliondolewa katika masharti hayo. Kijiji hakikuwa na uwezo wa kuzuia lolote kati ya hayo.

Senario nne

Tukiyaunganisha mambo hayo mawili, twapata senario nne:

A. Soko zuri, ulinzi imara.
B. Soko zuri, ulinzi dhaifu.
C. Soko baya, ulinzi imara.
D. Soko baya, ulinzi dhaifu.

Sasa tuupime uamuzi. Tuchukue msitu wa kubuni wenye mipingo 7,000, yenye umri uliogawanyika sawasawa kuanzia mwaka 1 hadi 70. Kila mwaka miti 100 hukomaa. Mnunuzi anataka miti 300 kwa mwaka, naye yu tayari kupokea hata isiyokomaa. Baada ya miaka 10 kijiji kitakuwa kimeuza miti 3,000, yaani mavuno ya miaka 30. Basi kwa miaka 20 inayofuata hakutakuwa na mti uliokomaa.

Katika senario A uamuzi huo wapoteza soko zuri la kesho. Katika C na D huenda mnunuzi akaondoka kabla ya kutimiza ahadi, na kijiji kikabaki na mashina. Lakini katika B mtu aweza kusema, "Heri tuvune sisi kabla ya mwizi." Hoja hii ina uzito, nayo yafaa ijibiwe kwa makini. Soko halimo mikononi mwa kijiji, ulinzi umo. Mapato ya miti 100 yakilipia kwanza doria za msitu, kijiji chaweza kujitoa katika B na kuingia A. Hapa ndipo penye faida kubwa ya njia hii: hutufundisha kutofautisha tuliyoandikiwa na wengine na yale tuwezayo kuyaandika wenyewe.

Uamuzi bora, basi, ni ule unaostahimili senario zote, wala si ule unaoleta faida kubwa katika senario moja tu. Kwa Kilwa, uamuzi huo ni kutovuna kupita ukuaji, kugharimia doria kwanza, kuuza pia miti mingine kama mninga na mkongo, na kuweka akiba kwa miaka ya soko baya.

Maswali ya zoezi

1. Kama mnunuzi angetaka miti 200 kwa mwaka kwa miaka 10, kijiji kingekaa miaka mingapi bila mti uliokomaa?
2. Taja dalili mbili ambazo zingekionya kijiji kwamba kinaingia senario D.
3. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na ikaanza kuzalishwa kibiashara mwaka 2004. Gesi haioti tena kama mpingo. Je, kanuni ya "kutovuna kupita ukuaji" yaweza kutumika? Ikiwa haiwezi, mahali pake pawekwe kanuni gani?
4. Darasa ligawanyike katika vikundi vinne. Kila kikundi kiandike senario moja kuhusu uvuvi wa pwani ya Lindi, kisha vyote vipime uamuzi mmoja.