Mwamuzi Akikosea, Nani Alipe?

Somo la vikundi, kwa familia zilizohama makwao, wakubwa wa kambi na wajumbe wa kamati



Tunapozungumza juu ya ugomvi, mara nyingi tunawatazama watu wawili: huyu amemkosea yule, na kiongozi amekaa katikati ili awapatanishe. Leo tumtazame huyo wa katikati. Je, akikosea yeye? Kamati imeandika jina vibaya kwenye orodha ya jetoni. Mkubwa wa kambi amempa mtu kiwanja ambacho alikwisha kumpa mwingine. Wazee wamekata shauri kwa kufuata desturi ambayo hawakuikumbuka sawasawa. Wale walioletwa mbele yao hawana kosa, lakini mmoja wao anarudi nyumbani akilia.

Ili tujifunze bila kumnyoshea mtu kidole, tumechukua mfano wa mbali: mchezo wa karata uitwao briji. Huchezwa sana katika klabu za Uingereza, Marekani na nchi nyingine nyingi. Tumeuchagua kwa sababu moja: kitabu chake cha sheria kinasema waziwazi la kufanya mwamuzi akikosea.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Watu 4 hukaa mezani, wawili wawili, wenzi wakitazamana. Huitwa kwa majina ya pande za dunia: Kaskazini na Kusini ni wenzi, Mashariki na Magharibi ni wapinzani wao. Karata 52 hugawanywa, kila mtu 13. Katika kila mzunguko kila mmoja huweka karata moja. Anayeanza akiweka kopa, wengine nao sharti waweke kopa kama wanazo. Mwenye karata kubwa hula mzunguko huo, isipokuwa kama mwingine ameukata kwa turufu. Mizunguko ni 13.

Katika klabu kuna meza nyingi. Karata zilizogawanywa mara moja huhifadhiwa na kupelekwa meza kwa meza, ili watu mbalimbali wazicheze karata zilezile. Mwishoni matokeo hulinganishwa. Hivyo bahati ya kupata karata nzuri haimfanyi mtu kuwa mshindi. Lakini pia, mambo yakiharibika mezani, huwezi kuchanganya karata na kuanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mchezo huu ulipata sura yake ya sasa kuanzia mwaka 1925, Mmarekani Harold Vanderbilt alipotengeneza namna mpya ya kuhesabu pointi. Shirikisho la dunia la briji lilianzishwa mwaka 1958, na ndilo linalosimamia sheria za mashindano. Hapa tunafuata kitabu cha mwaka 2017.

Kila klabu ina mwamuzi. Katika klabu ndogo mara nyingi ni mtu wa kujitolea, na pengine naye anacheza siku hiyohiyo. Yeye hasimami juu ya kila meza. Huitwa baada ya jambo kutokea, akasikiliza, akaamua, huku wengine wakisubiri. Kwa hiyo hukosea. Hapo anafanana sana na mjumbe wa kamati ya kambi: huyu naye anajitolea, naye ana jina lake katika orodha ileile anayoisimamia.

Kosa linaloweza kurudishwa nyuma

Tuseme Mashariki alikuwa na kopa mkononi, lakini kwa kutotazama vizuri akaweka pau. Mchezo ukaendelea mpaka mwisho, ndipo kosa likaonekana. Sheria inasema hivi: kama Mashariki mwenyewe ndiye aliyekula mzunguko ule, mizunguko inayohamishwa kwa wapinzani kwa kawaida ni 2, yaani ule aliokula pamoja na mmoja kati ya ile ambayo upande wake ulikula baadaye. Kama hakuula yeye, unahamishwa 1 tu, iwapo upande wake ulikula ule au mwingine wa baadaye.

Mwamuzi anaitwa. Ana haraka, anategemea kumbukumbu yake, anasema: "Wapeni 2." Ukweli ni kwamba Mashariki hakuula mzunguko ule. Ilipasa iwe 1.

Kosa la namna hii halina uzito mkubwa. Karata zimekwisha kuchezwa, hakuna kilichoharibika ila hesabu. Mwamuzi akigundua, anafuta 2 na kuandika 1, kisha anawaambia pande zote mbili. Wala haimpasi kungoja mtu alalamike. Sheria inamwagiza kurekebisha kosa alilolijua kwa njia yoyote ile, maadamu muda wa masahihisho haujapita. Klabu isipopanga muda mwingine, muda huo huisha dakika 30 baada ya matokeo kubandikwa ili watu wayaone.

Kosa lisiloweza kurudishwa

Sasa tazameni kosa la pili. Magharibi ndiye aliyepaswa kuanza mzunguko wa kwanza, lakini Mashariki amewahi kuweka karata. Hapo mpinzani wao anayeongoza mchezo anapewa na sheria njia 5 za kuchagua. Kwa mfano, anaweza kuikubali karata ile, au kumtaka Magharibi aanze na aina ileile, au kumkataza asianze nayo. Ni wajibu wa mwamuzi kumweleza njia zote.

Tuseme mwamuzi amemtajia 3 tu. Yule amechagua, karata zote 13 zimechezwa, kila mtu amekwisha kuona za mwenzake. Baadaye mwamuzi anafungua kitabu na kukuta njia mbili alizozisahau, na moja ndiyo ambayo yule angeichagua. Nani atairudisha saa ile? Maji yakimwagika hayazoleki.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kifungu cha 82 kinasema kwamba uamuzi wa makosa ukiwa umeharibu mchezo hata usiweze kuhesabiwa kwa kawaida, mwamuzi atatoa matokeo ya marekebisho, na katika kufanya hivyo atazihesabu pande zote mbili kuwa hazina kosa.

Someni tena maneno hayo: pande zote mbili. Ni kweli kwamba Mashariki ndiye aliyeanza kukosea kwa kuwahi karata. Lakini madhara yaliyotokana na kosa la mwamuzi hayawekwi juu ya kichwa chake. Wala upande ule mwingine hauambiwi, "Vumilieni, ndiyo bahati yenu." Ikiwa haiwezekani kukisia vizuri matokeo yangekuwaje, kila upande usio na kosa hupewa angalau asilimia 60 ya pointi za karata zile. Ukijumlisha 60 na 60 unapata 120, yaani zaidi ya mia. Sheria inakubali hivyo. Inaona ni heri hesabu isilingane kuliko asiye na kosa aumie.

Namna ya kudai haki bila ugomvi

Wachezaji wazoefu wana desturi nzuri mwamuzi anapoonekana kukosea. Tunaweza kuifuata hatua kwa hatua.

1. Mwite mara moja. Kosa likionekana, mchezo husimama mpaka mwamuzi afike. Wachezaji hawana ruhusa ya kupeana adhabu wala kufutiana wenyewe kwa wenyewe. Anayeendelea kabla ya kumwita anaweza kupoteza haki yake.

2. Eleza yaliyotokea, usitukane. Sheria inataka mwamuzi aitwe na kuzungumziwa kwa adabu. "Karata hii iliwekwa kabla ya zamu" ni maelezo. "Huyu kila siku ni mwizi" ni vita.

3. Omba kitabu. Kumwambia mwamuzi kwa heshima, "Tafadhali, tusomee kifungu hicho," si kumdharau. Mwamuzi mzuri huja nacho mezani bila kuombwa.

4. Tii kwanza, kisha kata rufaa. Mchezaji asiyeridhika anaendelea kucheza kama alivyoagizwa. Baadaye, kabla muda haujapita, anaomba uamuzi uangaliwe upya. Wenzi wawili lazima wakubaliane. Mmoja peke yake hawezi kukata rufaa huku mwenzake anakataa.

5. Pokea jibu. Palipo na kamati ya rufaa, inaweza kubadili jinsi mwamuzi alivyopima mambo. Lakini haiwezi kumpindua mwamuzi mkuu katika maana ya sheria yenyewe. Inaweza tu kumshauri aitazame tena. Hata hapo, mlango wa chama kilicho juu ya klabu unaweza kufunguliwa.

Kazi ya mwamuzi mwenyewe

Mambo mawili yanampasa mwamuzi. La kwanza, sheria inamtaka amwambie mchezaji kwamba ana haki ya kukata rufaa, pale anapoona kuwa inafaa uamuzi wake uangaliwe tena. Hasubiri watu waijue njia hiyo kwa bahati. La pili, akijua amekosea, ayaseme yote matatu kwa sauti ya kusikika: niliamua hivi, sheria inasema hivi, sasa narekebisha hivi.

Viongozi wengi wanaogopa kwamba wakikiri kosa watu watawadharau. Lakini watu wakilijua kosa kabla kiongozi hajasema, ndipo dharau inapoanza. Minong'ono huzaliwa: amehongwa, anapendelea watu wa kwao, anapendelea kabila lake. Kosa la kalamu linageuka kuwa kosa la kabila. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tukilileta somo kambini

Karata ni mchezo, unga wa watoto si mchezo. Kuna tofauti moja kubwa tusiyoweza kuificha. Kwenye briji pointi hazitoki katika ghala la mtu, ndiyo maana mwamuzi anaweza kutoa 60 huku na 60 kule. Kwetu gunia ni moja na kiwanja ni kimoja. Basi tufanyeje?

Tuseme familia mbili zina jina linalofanana. Kamati imetoa jetoni kwa moja tu, ikidhani ni watu walewale. Familia iliyopokea imekwisha kupika. Familia ya pili imelala njaa. Watu watasema, "Mwende mkawanyang'anye wale." Kanuni ya kifungu cha 82 inajibu hapana. Wale walipokea walichopewa, hawakudanganya mtu. Kamati ndiyo iliyokosea, basi kamati ndiyo itakayohangaika: iandike kosa lake, iende kwa shirika linalogawa siku hiyohiyo, na familia ya pili itajwe ya kwanza katika mgawo unaofuata. Mahali ambapo shirika linaruhusu, ni vizuri kukubaliana mapema juu ya akiba ndogo kwa ajili ya makosa kama hayo.

Au kiwanja kimetolewa mara mbili, na aliyekipata wa pili amekwisha kusimamisha nyumba na kufunika turubai. Kumvunjia ni kumwadhibu asiye na kosa. Kumwambia wa kwanza atafute kwingine kwa nguvu zake ni kumwadhibu pia. Kamati itafute kiwanja kinacholingana, na wajumbe wake wawe wa kwanza kubeba miti ya kujenga. Jasho la mjumbe aliyekosea hupatanisha kuliko hotuba.

Tuangalie pia mipaka ya somo hili. Tunazungumzia makosa ya kweli, yasiyo ya kukusudia. Kiongozi aliyekula rushwa hakukosea, ametenda uovu, na mtu aliyedanganya ili apate jetoni mbili hawezi kujiita asiye na kosa. Vilevile kamati ya kambi haina mamlaka ya kuamua mauaji, ubakaji wala mateso. Mambo hayo ni ya mahakama, na aliyeumizwa asaidiwe kufika kwa daktari na kwa sheria, asilazimishwe kupatana.

Maswali ya kujadiliana

Kaeni katika vikundi vya watu 6 hadi 8, wanawake na wanaume, vijana na wazee. Msitaje majina ya watu wa kambini.

1. Je, kamati yetu ina kanuni zilizoandikwa, na kila familia inaweza kuomba isomewe?

2. Mtu asiporidhika na uamuzi, anajua aende kwa nani, na kabla ya siku ngapi?

3. Jambo likimhusu mjumbe mwenyewe au jamaa yake, nani anaamua badala yake?

4. Mara ya mwisho kamati ilipokosea, nani alilipa? Je, ndiye aliyestahili kulipa?

Baada ya majadiliano, kila kikundi kichague jambo moja la kupeleka kwa kamati kabla ya mgawo ujao. Tunapendekeza muanze na jambo dogo: siku ya mgawo, orodha ibandikwe au isomwe mbele ya watu, na uwekwe muda wa kusahihisha majina kabla gunia la kwanza halijafunguliwa. Wacheza karata wamejiwekea dakika 30 baada ya matokeo. Kwa chakula cha watoto, tujiwekee muda kabla.