Darsa ya Ramadhani, Siku ya 14: Jeraha Lisiloonekana



Bi Habiba binti Sahl alipigwa na mumewe hadi akavunjwa kiungo. Baada ya Alfajiri akaenda kwa Mtume (s.a.w.). Hakuambiwa arudi akasubiri. Mtume alimsikiliza, akamwita mume, wakaachanishwa. Ameipokea Abu Daud.

Lakini kuachana pekee hakumalizi maumivu. Mwili unapona, moyo unabaki na hofu: usingizi hauji, mlango ukigongwa mtu anashtuka. Huo si upungufu wa imani, wala si lazima iwe ni jini. Ni jeraha, na lina tiba: kuzungumza na mshauri nasaha, pengine na dawa. Dua na dawa havigombani.

Dada yangu, kama daktari amekupa vidonge, usiviache kwa ajili ya saumu. Muulize kama vyaweza kumezwa wakati wa futari na daku. Vikihitajika mchana, mgonjwa ana ruhusa ya kula, atalipa baadaye.

Nasi majirani tusimuulize, "Ulimkosea nini?" Tumsikilize, tumsindikize hospitali. Hapa Kenya, piga 1195: ni bure, usiku na mchana.

Allah awaponye. Amin.