KAZI YA MWANAFUNZI WA FARMASI NDANI YA KITUO CHA AFYA

Tukisema farmasi, wengi wetu wanaona duka na mtu wa kupokea feza. Lakini mwanafunzi wa farmasi akifanya staji kando ya munganga anaweza kusaidia watu wasifikie ugonjwa wa moyo. Tuone namna gani.

Tansio ni nguvu ya damu ndani ya mishipa. Ikipimwa siku mbalimbali na kukutwa 140 kwa 90 ao zaidi, ni ugonjwa. Ubaya wake, kwa kawaida hauumi. Mgonjwa anameza amlodipini mwezi mmoja, anajisikia muzima, anaacha. Kumbe moyo na figo vinazidi kuchoka, na siku moja anapooza upande.

Sasa chukueni baba wa Masisi mwenye tansio, anayebeba gunia za viazi. Mgongo unamuuma, ananunua ibuprofeni ao diklofenaki sokoni. Dawa hizo zinashikilia chumvi na maji mwilini, zinapandisha tansio, zinapunguza nguvu ya dawa zake. Kama anameza pia kaptopril na dawa ya kukojoza, figo ziko hatarini. Infirmye mwenye watu wengi mlangoni hana saa ya kuuliza yote hayo. Anayehesabu vidonge anayo: "Baba, nyumbani unameza nini ingine? Vilibaki ngapi?" Akikuta jambo, habadilishi dawa yeye mwenyewe, anamwambia mkubwa wake. Atauliza na juu ya makayabo na kube, maana OMS inasema chumvi yote ya siku isifike gramu 5, ni kama kijiko kimoja cha chai.

Uingereza, kanuni za masomo ya farmasi za mwaka 2021 zinataka wanafunzi wajifunze mbele ya wagonjwa, si darasani tu. Kwetu vituo vingi havina mfamasia hata mmoja, kwa hiyo mimi naona staji ya namna hii inahitajika kwetu kuliko kwao.

Mwaka 2025 vita ilifika Masisi mwezi wa kwanza na Walikale mwezi wa tatu. Watu walikimbia. Mwenye tansio akifika kituo kingine na sashe isiyo na jina, ndani vidonge vyeupe, nani atajua ni dawa gani? Mwanafunzi wa staji aanze na kalamu: juu ya kila sashe aandike jina la dawa, miligramu, na saa ya kumeza.