JUA, SAYARI NA HUKUMU YA NYOTA

Ndugu zetu wasomaji, swali linalorudi mara nyingi katika darasa zetu ni hili: Je, nyota zina hukumu juu ya mwanadamu? Wala swali hili si la mchezo, kwani katika miji yetu ya pwani wako wanaovunja posa ya mtu mwema kwa kuambiwa kuwa nyota yake haipatani na ya binti yao, na wako wanaomweka mgonjwa nyumbani wakingojea saa njema ya kumtoa. Tumeona vyema tueleze kwanza nyota hizo ni nini khasa, kwani mwenye kukijua kitu hatishwi nacho.

JUA. Jua ni nyota kama hizi tuzionazo usiku. Laonekana kubwa kwa kuwa li karibu nasi. Na ukaribu wenyewe ni kilomita milioni 150! Nuru yake hutufikia baada ya dakika 8 na sekunde 20 hivi, hali nuru ya nyota iliyo karibu zaidi baada yake huchukua miaka 4 na zaidi. Upana wa Jua ni mara 109 ya upana wa ardhi yetu, na joto la uso wake ni kiasi cha digrii 5,500.

SAYARI. Sayari hazina nuru yao wenyewe. Hurudisha nuru ya Jua kama kioo kirudishavyo mwanga wa taa. Nazo ni nane, na kila moja ina muda wake wa kulizunguka Jua: Utaridi siku 88, Zuhura siku 225, Ardhi siku 365 na robo, Mirihi siku 687, Mushtari karibu miaka 12, Zohali miaka 29 na nusu, Uranusi miaka 84, na Neptuni miaka 165. Pluto ilikuwa ikihisabiwa kuwa ni ya tisa, lakini mwaka 2006 wataalamu wa falaki waliitoa katika safu hii. Ama Mwezi, huo si sayari, wazunguka ardhi.

Hapa na tusimame kidogo. Wapiga ramli na watazamiaji huhisabu nyota saba, na katika hizo saba wametia Jua, ambalo si sayari, na Mwezi, ambao si sayari, wakaiacha Ardhi. Uranusi haikugunduliwa ila mwaka 1781, na Neptuni mwaka 1846, baada ya wenye hisabu kukadiria mahali itakapoonekana. Basi ikiwa sayari ndizo zigawazo saada na nuhusi, mbona mafungu yaligawanywa yote kabla ya hizi mbili kujulikana?

Huenda mtu akasema: "Mbona Mwezi huvuta bahari? Kwa nini usivute na bahati ya mtu?" Twajibu: Ni kweli Mwezi huvuta bahari, na Jua nalo husaidia. Vikiwa katika mstari mmoja, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua. Zikifika robo, huwa maji mafu. Lakini bamvua halichagui. Humjia mvuvi mwema na mwovu pamoja, wala haliulizi jina la mtu wala la mamake. Tena nyakati zake huandikwa mwaka mzima kabla, na kila mtu aweza kwenda ufuoni akahakikisha. Je, mtazamiaji gani aliyewahi kuweka hisabu yake wazi namna hiyo?

KUPATWA KWA JUA. Upana wa Jua ni kiasi cha mara 400 ya ule wa Mwezi, na umbali wake nasi pia ni kiasi cha mara 400. Kwa sababu hiyo Mwezi, kwa udogo wake, ukipita kati huweza kulifunika Jua lote. Haya nayo hujulikana mapema: imeshahisabiwa kuwa tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha Mwezi hupita juu ya Makka yenyewe. Na Mtume wetu, S.A.W., alipofiwa na mwanawe Ibrahimu, Jua lilipatwa siku ile, watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Naye, juu ya huzuni aliyokuwa nayo, hakuwaacha na dhana hiyo. Aliwafundisha kuwa Jua na Mwezi havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu.

Basi elimu ya falaki ni elimu tukufu, na faida zake ni nyingi. Moja ni hii: kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 za mchana kwa saa zetu, ambazo ni sawa na za Makka, Jua husimama sawasawa juu ya Al-Kaaba. Atakayeelekea upande wa Jua wakati huo ameelekea Kibla. Kila mmoja wetu na alijaribu jambo hili uani kwake, kwa kusimamisha fimbo na kutazama kivuli.

Ama posa, na iulizwe tabia na dini ya mposaji. Na mgonjwa apelekwe kwa daktari leo.