Bustani ya Nyumba katika Majira ya Baridi

Bibi mmoja wa hapa kwetu, ambaye sasa akaa kwa mwanawe katika mji wa Leicester, Uingereza, ametuletea suala ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote, kwani wengi wetu tuna jamaa katika nchi ile. Asema kwamba nyuma ya nyumba pana bustani ndogo, na mbele pana kipande cha ardhi. Kwamba tangu mwezi wa Novemba kila mti umekauka. Na kwamba mwanawe, kwa kuona hivyo, ataka kung'oa vyote na kutia saruji pande zote mbili, apate mahali pa gari na aepukane na taabu. Bibi hataki, wala hana hoja ya kumjibu. Hoja ipo.

La kwanza la kufahamiwa ni kuwa miti ile haikufa. Asiye mjuzi huiona uchi akadhani imekwisha, au husema imepatwa na jicho la mtu. Lakini mbuyu wetu usimamapo wakati wa ukavu bila ya jani hata moja, ni nani aupigaye shoka kwa kudai kwamba umekufa? Mbuyu hupukutika kwa uhaba wa maji, na miti mingi ya Uingereza hupukutika kwa sababu iliyo karibu na hiyo. Maji yamo ardhini, ila udongo ukishapoa sana mizizi haiyavuti kwa wepesi, na ukiganda haiyapati kabisa. Na jani likibaki mtini huzidi kuyapoteza. Basi mti huanza kuirudisha ndani akiba iliyomo katika majani, kisha huyaangusha. Vitumba vya mwaka ujao vimekwisha kuumbika tangu majira ya joto, vimo katika matawi vyangoja. Mwenye shaka na akwaruze gome la kijitawi kwa ukucha: akikuta ubichi wa kijani chini yake, kijitawi kina uhai.

Tena baridi ile ni haja ya mimea yenyewe. Mtufaha wa Kizungu (si huu wetu wa pwani) hauchanui vyema mpaka upate mamia ya saa za baridi, ndiyo maana haufai Mombasa. Kitunguu saumu nacho kikikosa baridi aghlabu hubaki bonge moja lisilogawanyika punje. Bibi aweza kukipanda mwezi wa Novemba, akavuna kiasi cha Julai, na jiko lake likafaidika.

Ama saruji, mwana ana haki ya kutaka mahali pa gari, nasi hatumlaumu kwa hilo. Lakini mvua ya nchi ile hunyesha mwaka mzima, na ardhi iliyo wazi huinywa. Ikizibwa, maji yote hukimbilia njiani na katika mifereji, nayo ikijaa hurudi milangoni mwa watu. Kwa ajili hiyo, tangu mwaka 2008 sharia ya huko yamlazimu mtu kuomba ruhusa akitaka kuziba zaidi ya mita 5 za mraba mbele ya nyumba yake kwa kitu kisichopitisha maji, kama hakuyafanyia maji hayo njia ya kuingia ardhini. Kokoto hupitisha maji na hubeba gari. Basi na aweke kokoto mbele, na nyuma amwachie mamake.

Sasa twaingia katika utunzaji wenyewe, na hapa mtu wa pwani yampasa ajifunze jambo lililo gumu kwake, nalo ni kuzuia mkono. Sisi tumelelewa kwamba ua usiofagiwa asubuhi ni aibu ya wenyeji. Kule, majani yaliyoangukia nyasi huondolewa, kwa kuwa yanazinyima nuru. Lakini yaliyo chini ya miti huachwa, yaoze yawe mbolea, na kalunguyeye na wadudu wapate kujificha humo mpaka baridi iishe. Mabua makavu yenye mbegu nayo huachwa, kwani ndiyo chakula cha ndege. Asubuhi ya jalidi, yaani umande ulioganda juu ya nyasi, mtu asizikanyage, maana majani yaliyoganda huvunjika, na nyayo zake zitaonekana zikiwa nyeusi siku nyingi baadaye. Chumvi ya kuyeyusha barafu mlangoni isitupwe karibu na mizizi. Mtufaha na mpea hupogolewa wakati huu wa usingizi wao. Lakini miti ya plamu na ya cheri isiguswe mpaka majira ya joto, kwani kuna ukungu uuao miti hiyo ambao hupenya katika majeraha ya wakati wa baridi.

Vyungu vya udongo vilivyolowa hupasuka, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kiasi cha sehemu 9 katika 100. Mrehani hauistahimili jalidi hata ya usiku mmoja, na asumini yetu kadhalika. Iingizwe ndani mapema, iwekwe dirishani penye nuru, wala isinyweshwe kwa mapenzi. Mmea usiokua haunywi sana, na mingi hufa kwa kuozeshwa mizizi na mwenyewe aipendaye.

Na starehe je? Katika siku za mwisho wa Disemba mchana wa Leicester ni saa saba na nusu tu, hivyo bustani hutazamwa zaidi kutoka dirishani, na mimea ya majira hayo yafaa ipandwe karibu na mlango. Kuna asumini ya baridi, iliyoletwa Uingereza kutoka China na Robert Fortune mwaka 1844, ichanuayo maua ya manjano juu ya vijiti visivyo na jani. Ni nzuri kwa macho, ila bibi asiinunue kwa ajili ya jina: haina harufu hata kidogo, wala hakuna kikuba kitakachotoka humo. Atakaye harufu na atafute kijiti kiitwacho Sarcococca, kisichopukutika na kinachovumilia kivuli. Maua yake meupe ni madogo hata hayatazamiki, lakini Januari mgeni huyanusa kabla ya kubisha hodi.

Na mnamo Januari na Februari, chini ya miti iliyo uchi, hutoka ua jeupe liinamishalo kichwa, ambalo Waingereza huliita tone la theluji. Mizizi yake ni kama vitunguu vidogo, na hupandwa tangu Septemba. Kwa mwaka huu bibi aweza kununua yaliyokwisha kuota chunguni, akayahamishia ardhini mara tu maua yanyaukapo, majani yakiwa bado mabichi.